Jina kwa Unga

Juzi hapa Kibondo, kwenye ofisi ya kata, wakimbizi waliovuka kutoka Burundi walipanga foleni kupewa unga na mablanketi. Karani akamuuliza mama wa mbele, kwa upole kabisa, "Jina lako, mama?"

Mama akaficha mikono ndani ya kitenge. "Oya, hapana, bwana. Andika unga, mimi usiniandike."

"Bila jina hupati."

"Mume wangu aliandikwa huko kwetu. Kesho yake askari wakaja na karatasi, wakamwita kwa jina, akaitika. Hajarudi."

Karani akaweka kalamu chini. Nyuma foleni ikaanza kupungua, mmoja mmoja. Magunia yakabaki yamejaa.

Mimi ni mwenyeji, sina ninachokimbia. Lakini jana, karani wa posta aliponiita kwa jina, kabla sijaitika nilitazama mlango uko upande gani.