Nyumba ya Msiba Haipiki

Nilikuwa napeta mchele, hapa Kandara, mdogo wangu aliponipigia simu kutoka Riyadh anakofanya kazi za ndani.

"Dada, amekufa."

"Nani?"

"Yule mama muuza maua wa tamthilia ya Waingereza. Miaka ishirini yumo, jana wamemgongesha gari."

Nikaendelea kupeta. "Si atafufuka? Hao hufufuka."

"Usicheke. Mama yake bosi hajala tangu jana. Kila jioni tunamtazama pamoja, namfasiria kwa Kiarabu changu cha jikoni. Ana sukari, dada. Akianguka, nitasema nini?"

Nikaweka ungo chini. "Chakula umempikia wewe?"

"Supu, uji, vyote kavisukuma. Apike nani mwingine?"

"Ndipo ulipokosea. Nyumba ya msiba haipiki. Peleka sufuria kwa jirani, abishe hodi yeye."

"Lakini huyo ni mtu wa runinga!"

"Anayelia ni wa runinga?"

Baada ya magharibi akapiga tena, kwa video. Mfanyakazi wa jirani, Mganda, aliingia na sahani ameishika kwa mikono miwili, akatoa pole. Mama yake bosi akajifunga ushungi vizuri, akamkaribisha, akala. Chakula cha msiba hakirudishwi.

Tunawacheka wanaolilia hadithi, lakini huzuni haiombi cheti cha kifo.

Nikapakua wali. Watoto wanne, baba yao, mimi, na simu niliyoiegemeza kwenye jagi, mdogo wangu ndani yake anatafuna. Saba. Tumetimia.