Siku mke wangu alipomvua Tata koti la jeshi: first aid ya sumu niliyoiona Kanazi

Wakuu, habari za leo.

Jana mwanachama mmoja aliuliza humu kama mtu aliyepata sumu anahudumiwa tofauti na majeruhi wa ajali nyingine. Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikaona haitoshi. Acha nieleze jambo lililotokea nyumbani kwetu Kanazi, Bukoba Vijijini. Nilikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho na sina haja ya kuongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ile vita vya Kagera vimeshapita, lakini watu wanavisimulia kama vya juzi. Ukimwi nao ulikuwa umeshapiga hodi karibu kila kibanja, yaani kila shamba la migomba na kahawa lenye nyumba ndani yake. Tulizika sana. Leo sitaingia huko, ila miaka hiyo ndiyo iliyotuletea vitu viwili vya kisa hiki: koti na glavu.

Baba yangu, ambaye sote tulimwita Tata, alikuwa na koti la jeshi. Alilipata wakati wa vita, kwa namna iliyobadilika kila alipoisimulia. Koti zito kama godoro. Alilivaa misibani, alilivaa kanisani mvua ikinyesha, na alilivaa akipulizia dawa kahawa.

Glavu zilikuwa za mke wangu, Asumpta, fundi cherehani. Tulikuwa bado wageni kwenye ndoa. Alikuwa amehudhuria semina ya parokia ya kuuguza wagonjwa nyumbani, wakafundishwa na huduma ya kwanza, na kila mmoja akarudi na jozi ya glavu.

Sasa kwa wasio wa kwetu, lazima niweke hili wazi. Enzi zile mkamwana na baba mkwe hawakukaribiana. Hampi mkono, haketi karibu naye, na akimwona anakuja njiani anapita migombani. Asumpta aliyashika haya vizuri mno, hadi Tata akawa anajisifu kwa majirani: "Mkamwana wangu hata sauti yake siijui."

Basi asubuhi hiyo Tata alikuwa kibanjani anapulizia dawa ya wadudu. Bomba la mgongoni lilikuwa linavuja, na koti likawa linanyonya tu.

Mimi nilikuwa nakata mkungu nikasikia Mama anapiga kelele. Nikakimbia. Tata alikuwa ameanguka kwenye majani makavu ya migomba, jasho jingi, mate na machozi yanamtoka, misuli ya mashavu inachezacheza. Anaongea lakini haeleweki anasema nini.

Jirani yetu Kagaruki aliwahi kufika. Akamwangalia, akatikisa kichwa. "Pombe hiyo, rubisi ya ndizi. Jana alikunywa ya kwangu."

"Ya kwako haijawahi kulewesha mtu," Mama akamjibu.

Halafu akaja baba mdogo Kamugisha. Huyu wakati wa vita alikuwa mgambo, kazi yake kubeba majeruhi, na tangu hapo kila dharura kwake ilikuwa risasi.

"Mlazeni chali! Miguu juu! Anavuja damu wapi?"

"Havuji damu, baba mdogo," nikamjibu.

"Tafuteni vizuri!"

Tulipomwambia alikuwa anapulizia dawa, akabadilisha amri: maziwa yaletwe, na mtu amtie kidole kooni atapike. Kikombe kilikuwa kimeshafika mdomoni mwa Tata tuliposikia sauti nyuma yetu.

"Msimpe kitu!"

Asumpta. Ameshavaa glavu, na mkononi ana mkasi wake wa kukatia vitambaa, ule ambao hata mimi nilikatazwa kuugusa.

"Baba mdogo, samahani. Mgeuzeni alale ubavu. Mate yatoke nje yasimrudie kooni. Ukimpa maziwa sasa hivi yataingia mapafuni."

Baba mdogo alifikiri kidogo, akakubali. "Hata sisi waliozimia tuliwalaza ubavu," akasema, kama vile wazo lilikuwa lake. Tukamsogeza mbali na dawa iliyomwagika, tukamgeuza. Asumpta akainama kwa mbali kusikiliza kama anapumua.

Mpaka hapo, wakuu, ilikuwa first aid ile ile ya majeruhi yeyote. Tofauti ilianzia kwenye sentensi iliyofuata.

"Sasa koti litoke. Na shati, na suruali. Dawa imo kwenye nguo, inaendelea kuingia kupitia ngozi."

Baba mdogo akanyoosha mkono kushika koti, Asumpta akamzuia: "Usishike hivyo hivyo, na wewe utaanguka." Glavu zilikuwa jozi moja, za mkono mdogo. Kiganja cha baba mdogo ni kama koleo, zingepasuka kabla vidole havijaingia. Kagaruki akashauri aitwe katekista aje aseme kama jambo hili linaruhusiwa.

Wakati huo Tata akaanza kukoroma, pumzi inatoka kama maji kwenye bomba bovu.

Mama akafungua kitenge alichojifunga juu ya gauni. Akanipa ncha moja. "Shika, geukia kule." Kisha akamwambia Asumpta, "Vua, mwanangu. Lawama niachie mimi."

Tukasimama na pazia letu. Nikasikia mkasi unaingia kwenye koti: krrr, krrr. Baba mdogo akawa mbeba ndoo, anapitisha maji na sabuni juu ya kitenge huku macho yameelekea mbinguni.

"Maji mengine!"

"Yanakuja, mkamwana!"

Alimwosha mwili mzima hadi nywele, akamfunika shuka safi, akaniambia nichukue kopo la dawa lenye maandishi yake.

Barabarani tulisimamisha pikapu ya mchuuzi wa samaki aliyetoka Muleba. "Akinifia humu nani atanunua sangara wangu?" akauliza, huku anasogeza matenga tupate nafasi.

Hospitali mjini Bukoba daktari alisoma kopo na papo hapo akajua sindano gani atumie. Akatuambia kule kuoshwa kumempunguzia kazi kubwa.

Kesho yake Tata alizinduka vizuri. Swali la kwanza: "Koti langu liko wapi?"

"Limekufa badala yako," Mama akasema.

"Nani kanivua?"

"Mkamwana."

Akageukia ukutani. Nyumbani Asumpta alikuwa ameshafunga nguo zake, tayari kurudishwa kwao Muleba kwa aibu. Mimi sikujua hata nimtetee vipi.

Tata aliporudi, ndugu waliketi. Baba mdogo akaanza kueleza faini za mila, Tata akamkatisha. Akaagiza Asumpta aitwe. Asumpta akapiga magoti mlangoni, mbali, anatazama chini.

"Wa kwanza kuniogesha alikuwa mama yangu," Tata akasema. "Wa pili ni wewe. Sasa mtu anamkimbiaje mama yake? Njoo ukae hapa."

Kuanzia siku hiyo alimwita Mama, mbele ya yeyote.

Nilichojifunza: sumu na ajali nyingine mwanzo wake ni mmoja. Jilinde mwenyewe, angalia pumzi, aliyelegea mlaze ubavu, tafuta usafiri mapema. Sumu inaongeza kazi ya kuikatiza isiendelee kuingia, kutomlazimisha mtu anywe wala atapike, na kubeba kopo. Na familia ikae ikubaliane mapema nani anaruhusiwa kumgusa nani, kwa sababu pale kibanjani ujuzi tulikuwa nao, ruhusa ndiyo ilikosekana.

Kwenu ingekuwaje? Nani angeshika mkasi? Wenye taaluma ya afya, nilipokosea nirekebisheni. Uwanja ni wenu.