Niliambiwa Motokaa ya Mwisho, Nikauza Minazi ya Dada

Nimekosa, wala sina wa kumsukumia. Mzungu hakunidanganya, fundi hakunificha, na shetani siku ile nadhani alikuwa na shughuli kwingine. Nilikosa mwenyewe, kwa masikio yangu haya mawili! Jina langu naliacha. Watu wa Mikindani watanijua tu, lakini ninyi wengine naomba mnisikilize kama tumekaa wawili barazani.

Nina dada mdogo, nitamwita Somoe. Baba alipofariki alituachia minazi: yangu ya upande wa barabara, yake ya bondeni, ishirini na miwili. Somoe alikuwa keshaolewa zamani Kitaya, kule mtoni Ruvuma, akaniachia yake niiangalie. "Kaka, hiyo ni ya Zaituni," aliniambia. Zaituni ni mwanawe wa pekee, na mjomba wake ni mimi. Kwetu mtoto akipata au akikosa, anayeulizwa ni mjomba.

Yangu niliimaliza zamani. Mmoja ulikwenda kwa baiskeli, mwingine kwa santuri, mingine kwa makoti ya Idi. Lakini ya Somoe miaka sita sikuigusa, na wallahi nilikuwa nikijisifu kwa hilo mbele za watu!

Sasa mnakumbuka wazungu wa karanga, walivyokuja na matrekta yao na walivyoondoka. Kazi ilipovunjika, kila mmoja alianza kuuza vitu vyake: vitanda, masufuria, hata mbwa. Mimi nilikuwa nyapara bandarini Mtwara, na bwana wangu alikuwa na motokaa.

Jamani, motokaa ile! Rangi ya samli, milango minne, pua ndefu hata inafika kwenye kona kabla yako. Ndani viti vya ngozi nyekundu, na kile cha nyuma wanakaa watu wanne wanene bila kugusana. Nilikuwa nimeitamani tangu siku ya kwanza nilipoiona.

Bwana wangu aliniita, akaniambia kwa Kiswahili chake kile cha kuokoteza: "Wewe sikia mzuri. Hii motokaa ya mwisho. Kiwanda kwisha. Hapana ingine."

Hapo ndipo nilipoangamia! Ninyi mnajua kwetu neno mwisho lina kazi gani. Ngoma ikinoga tunasema ile ngoma ni mwisho. Pilau likikolea, mwisho. Bibi harusi akipambwa akapambika, mwisho kabisa! Basi mimi nilisikia hivi: motokaa hii ni bora kupita zote, kiwanda kimemaliza ufundi wake wote humu, wala hakuna ya kufanana nayo duniani.

"Bwana," nikamwambia, "mimi naitaka kwa sababu hiyo hiyo."

Akarudia, "Hapana ingine. Wewe fahamu?"

"Nafahamu sana, Bwana!" Alikuwa amekunja uso, nami nikadhani anasikitika kuachana nayo.

Palikuwa na fundi mmoja, Mmakonde wa Newala, aliyeendesha malori ya jeshi huko Burma wakati wa vita. Tumwite Fundi Mkwanda. Nilimpeleka aitazame, si kwa ushauri, bali nipate wa kunisifu. Akaizunguka, akainama, akainuka.

"Nzee," akasema, "ntu akinunua motokaa ananunua na spea zake. Za hii utapata wapi?"

"Motokaa ya mwisho haiharibiki," nikamjibu.

"Haya," akasema, akarudi chini ya lori lake. Nikaenda zangu nikisema yule ana kijicho.

Minazi ya Somoe niliiuza kwa mwenye duka mmoja, mchana kweupe. Nilijiambia nitapakia abiria wa Lindi, na mwaka hautaisha nitakuwa nimeikomboa yote na mingine juu yake. Somoe sikumwambia. Nilijidanganya kwamba nataka kumfurahisha kwa ghafla.

Wiki ya kwanza nilimwita mchora mabango, akaniandikia mbele juu ya kioo, kwa rangi nyekundu: MWISHO. Nilimlipa ziada ili aongeze nyota mbili. Tangu hapo jina langu likawa Bwana Mwisho. Kinyozi alikuwa akiacha kichwa cha mtu nusu anisalimie! Mwalimu wa madrasa aliomba nimzungushe mpaka Mtwara na kurudi, na alipoteremka alinisomea dua ndefu. Kwa kweli nilijiona mtu.

Abiria wa Lindi hawakuja. Wenye nauli walikuwa na mbuzi, na magunia ya makopa ya mihogo, na samaki wa ng'onda wanaonuka, nami sikutaka ng'onda kwenye ngozi nyekundu. Wakapanda lori, wamekaa juu ya mizigo yao, wananipungia mkono. Motokaa nayo ilikuwa inakunywa petroli hata ikiwa imesimama, au ndivyo ilivyonielekea mimi niliyekuwa nikiilipia.

Ndipo Zaituni akaposwa na kijana wa Mikindani. Nikatuma salamu Kitaya: mtu asikodi chochote, bibi harusi atafuatwa na mjomba wake kwa motokaa! Mnaona kiburi? Nilikwisha kumlia urithi wake, sasa nataka vigelegele vyake.

Na vigelegele nilivipata. Kitaya nzima ilitoka. Zaituni aliingia nyuma na hina yake mbichi mikononi, Somoe upande huu, somo yake aliyemfunda upande ule. Somoe alipapasa kile kiti akasema, "Kaka, kumbe baba alizaa ntu!" Nilicheka kuliko wote.

Hatujafika Madimba, kwenye mchanga mzito, nikasikia chuma kimelia chini ya miguu yangu mara moja tu. Nikakanyaga mafuta. Injini inaimba, magurudumu yanatazama! Nikashuka nikapiga teke tairi, kama kwamba tairi ndilo lililokosa.

Tulikaa pale mpaka adhuhuri. Wanaopita wanasoma lile neno juu ya kioo, wanatutazama, wanasoma tena. Mmoja akasema, "Kweli, huu ni mwisho," akaendelea na safari yake. Hatimaye wakapita wauza mihogo watatu na baiskeli zao, wakashusha mihogo. Zaituni wangu, bibi harusi, aliingia Mikindani kwenye keria ya baiskeli, hina imejaa vumbi, amejifunika uso kwa aibu isiyo yake.

Kabla Somoe hajapanda ile baiskeli ya tatu, alinirudia. Nilikuwa nimekaa chini nimeshika kichwa. Akanishika bega.

"Kaka, usijitie huzuni," akasema. "Nazi zangu za msimu huu ziangue zote, uuze, ununue hicho chuma kilichovunjika. Zaituni nitamwelewesha."

Wenzangu, hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema! Tulikuwa wawili, hasira yake haijawaka, na ardhi ilikuwa karibu ya kunimeza. Mimi nikasema, "Ahsante, dada." Nilimshukuru kwa nazi za minazi niliyokwisha kuiuza. Nikilikumbuka neno lile natamani kujizaba kibao.

Fundi Mkwanda aliivuta motokaa kwa lori, akafungua gia. Jino limekatika. Akaniandikia barua Dar es Salaam kwa wauza spea, tukangoja. Jibu lilipokuja alilisoma mara mbili, kisha akanitafsiria: hawana, wala hawatapata, kwa kuwa kiwanda kiliacha kutengeneza motokaa za aina ile.

"Kimeacha?" nikauliza. "Kiwanda kinaachaje kutengeneza kitu kizuri vile?"

"Kizuri kwa nani, nzee? Huko kwao baada ya vita petroli ilikuwa ya kupimiwa. Watu wakataka motokaa ndogo. Hizi kubwa zikakosa wanunuzi. Kiwanda hakitengenezi vitu vya kutazamwa. Kikiacha motokaa, baada ya siku kinaacha na vyuma vyake. Ndiyo sababu wewe uliipata kwa bei ile."

"Na yule Mzungu hakuniambia!"

Fundi akafuta mikono. "Alikwambiaje?"

Nikayarudia maneno yale. Ya mwisho. Kiwanda kwisha. Hapana ingine. Nilipofika kwenye "hapana ingine" masikio yakanizibuka. Fundi Mkwanda hakucheka, na ningependa angecheka.

Somoe nilikuwa sijamwambia bado. Nilikuwa nikitafuta siku nzuri! Yeye akaja Mikindani kumwona mwanawe, akapita bondeni asimamie uanguaji wa nazi, ili mimi nisisumbuke. Akamkuta mkwezi juu ya mnazi.

"Nani kakutuma?" akamwuliza.

"Mwenye minazi."

"Mwenye minazi mimi hapa."

Mkwezi akachungulia chini. "Mama, mwenye minazi ana duka pale sokoni, kanituma asubuhi hii. Kainunua kwa Bwana Mwisho."

Hayo nilihadithiwa na mkwezi mwenyewe. Somoe alikuja kwangu, akasimama mlangoni, hakutaka maji wala kiti. Nilianza kulia, naapa, naeleza, nalaumu Kiswahili cha Mzungu. Hakupiga kelele. Hakunipeleka kwa liwali. Aliniuliza kitu kimoja tu, "Zaituni nimwambie mjomba wake ameweka nini mahali pa minazi ile?"

Akatazama nje, pale motokaa ilipokuwa imeegeshwa, kuku wamepanda juu ya pua.

"Nipe kile kiti cha nyuma," akasema.

Nilidhani amenisamehe! Nilikifungua mwenyewe kwa mikono yangu, nikakifuta vumbi, lori likakipeleka Kitaya.

Kiko barazani kwake mpaka leo, ngozi nyekundu ile ile. Mgeni akifika, Somoe anamkaribisha kwa adabu zote, na akishakaa vizuri anamwambia, "Starehe. Hapo umekalia minazi ya Zaituni ishirini na miwili." Mgeni atauliza, naye atasimulia. Kitaya nzima wanaijua hadithi, na wa ng'ambo ya mto wanaijua.

Zaituni alipojifungua, siku ya arobaini ya mtoto aliitwa binamu yetu wa Madimba akae mahali pa mjomba. Mimi nilisikia kwa watu. Sikulala raha kwa siku nyingi, na hata sasa, nikiona mtoto wa umri ule, nageuza uso.

Mwezi uliopita nilijikaza nikaenda Kitaya na kitenge cha mtoto mkononi. Somoe akanipokea. Akanionyesha kile kiti.

"Kaa, kaka. Si ulikinunua wewe?"

Nikakaa chini, mkekani, na miguu yangu nimeikunja. Hakunilazimisha. Mtoto wa Zaituni alitambaa mpaka kwangu, akanishika kidole, akauliza kwa macho mimi ni nani. Hakuna mtu pale barazani aliyemjibu.

Basi ninyi mnaotamani vya wanaoondoka, vya kung'aa na vya bei rahisi, nisikilizeni. Tazameni motokaa chini, si juu. Mwulizeni fundi, na akiwajibu msimwite mwenye kijicho. Urithi wa mtoto wa dada yako usiuguse hata kwa ndoto. Na ukiambiwa kitu ni cha mwisho, uliza: mwisho wa nini? Mimi sikuuliza. Jibu langu liko Kitaya, wageni wanalikalia.