Bunduki ya Hewa Tuliyouziwa na Mzee Kombo

Naikumbuka vyema, mwanangu, siku mimi na Dama tulipokwenda Changamwe kununua bunduki. Usishtuke. Ilikuwa bunduki ya hewa, ya mchezo wa shabaha, kama hizi za klabuni kwetu: haina baruti, husukuma kirisasi kidogo kama punje ya choroko kwa hewa iliyoshindiliwa mtungini. Vibali tulikuwa navyo. Nakusimulia kwa sababu jana ulinionyesha simuni picha ya bunduki kuukuu, ukaniuliza, "Bi Mwanaidi, niichukue?" Nami sikukujibu, kwa kuwa jibu lake ni refu.

Mimi ni wa Mtongwe, mshonaji. Dama alikuwa msusi, kwao Kiembeni. Wanawake wote wa klabu tulikuwa na bunduki moja, na zamu zetu zilifika jua likiwa utosini, macho yamechoka. Mashindano ya kuchagua timu ya Pwani yalikuwa yanakaribia. Basi tuliposikia kwamba Mzee Kombo, mpiga shabaha wa zamani, anaiachia bunduki yake kwa sababu sukari imemharibu macho, hatukulala.

Alitukaribisha kwake, tukanywa kahawa, akaitoa bunduki kabatini akaipapasa kama mtu anayemuaga mgeni. Kisha akaanza kuisema vibaya.

"Sikizeni, wanangu. Hii yalenga vizuri, lakini ina maradhi. Mtungi wake umepita muda wa kupimwa. Someni tarehe iliyogongwa hapa shingoni. Mipira ya ndani, zile pete za kuzuia hewa, imekauka. Ukiijaza leo, kesho geji ya hewa imeshuka. Mkiitaka, ichukueni na maradhi yake."

Tulipotoka nje Dama alifura. "Huyu hataki kuwauzia wanawake. Muuzaji gani huponda bidhaa yake?"

Wahenga wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi tulizoea wachuuzi wa kutembeza. Mtu mkweli tulimwona mtu wa hila. Hata hivyo tuliinunua. Ujana, mwanangu, husikia kile ulichokwenda kukisikia.

Klabuni, mtunza bunduki aliutazama mtungi, akasoma ile tarehe, akaurudisha mezani. "Huu siujazi. Upelekwe ukapimwe kwanza."

Kupimwa maana yake kuupeleka Nairobi na kungoja, na mashindano yasingetungoja. Dama akamkumbuka shemeji yake Charo, fundi wa kuchomelea vyuma hapo hapo Changamwe. Charo alikuwa mtu mwema, hana neno la hapana. "Uleteni," akasema. "Mitungi ya gesi ninayo, tutaujaza mara moja."

Kilichobaki ni kiungio cha kufungia mpira wa kujazia, nacho kilikuwa bado kwa Mzee Kombo. Tukapitia kwake asubuhi, mtungi nimeufutika mkobani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mwaja kwa kheri?"

"Kheri tu. Tumefuata kile kiungio," Dama akasema.

"Mwaenda kujaza wapi?"

"Kwa shemeji yangu, anachomelea vyuma."

Mzee akatugeuzia uso. "Ana hewa gani huyo shemejiyo?"

"Oksijeni, nadhani," nikajibu.

"Mtungi mnao? Nipe niushike."

Nikampa. Akauweka mapajani, akaufunika kwa mikono miwili. "Huu hautoki hapa."

Dama, Mungu amweke, alikuwa na ulimi mwepesi. "Mzee, si umeshatuuzia? Hiyo ni mali yetu!"

"Ni mali yenu. Na mikono ni yenu, na macho ni yenu. Mimi yangu yamekwenda kwa maradhi, hiyo ni amri ya Mungu. Nyinyi yenu mwayapeleka wenyewe?" Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Oksijeni ikishindiliwa ikakutana na mafuta yaliyomo ndani, huwaka. Ule ni moto wa ghafla. Mtungi hupasuka ukiwa umeukumbatia. Bunduki hii hula hewa hii hii tunayovuta, kavu, safi, isiyochanganywa na kitu. Tena mtungi uliopita muda hautiwi hata hiyo."

Dama akakaa chini sakafuni, akalia. "Basi mashindano yametupita."

"Yatakuja mengine. Vidole haviji vingine."

Mwanangu, nilimchukia mzee yule siku hiyo. Nilirudi Mtongwe nikashona hadi usiku. Siku ya mashindano ile bunduki moja ya klabu ilikwisha kugawiwa wenzetu, nasi tulikaa benchini tukiwashikia mikoba, na kila risasi iliyogonga kati nilihisi imepita kwangu.

Mzee aliutoa mtungi uende Nairobi tu; ulipopimwa huko, jawabu lilikuja: umeliwa na kutu kwa ndani, usitumike tena kabisa. Charo aliposikia alishika kichwa, akaja mwenyewe kumpa mzee mkono. Dama naye alikwenda kuomba radhi, akamkuta mzee amekwisha kuwauliza wapiga shabaha wenzake wa zamani, na mtungi mwingine uliokuwa na cheti cha kupimwa umepatikana.

Nao ulikawia kufika. Miezi ile ya kungoja, Mzee Kombo alikuja klabuni kila Jumamosi. Kwanza alituhakikishia bunduki haina hewa wala risasi, ndipo akatufundisha kuifungua. Alikuwa haoni vizuri, lakini vidole vyake vilijua kila mpira ulipo. Alitufundisha kuutoa uliokauka pasipo kukwaruza chuma, na kuutia mpya kwa grisi yake maalumu, kidogo mno, si mafuta ya cherehani niliyotaka kuyatumia mimi. Tulipoufunga mtungi mpya alipaka povu la sabuni pale unapoungana na bunduki, tukatazama: povu likitulia, hakuna mvujo, likichemka, bado. La kwetu lilichemka. Tukashusha hewa, tukafungua, tukaanza upya. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema, "na mwenye bunduki kuukuu ainame kila mwezi."

Povu lilipotulia, Dama alipiga kigelegele hadi watu wakatoka ofisini.

Mashindano yaliyofuata tuliitumia bunduki hiyo moja, mimi nikishuka yeye anapanda. Dama akachaguliwa timu ya Pwani. Mimi sikuchaguliwa, nilipungukiwa kidogo tu. Lakini jioni ile msichana mgeni aliniomba nimwonyeshe namna ya kushika kitako, nikamwonyesha, na tangu hapo sijaacha kufundisha.

Sasa sikiza, mwanangu. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na kuukuu si aibu. Lakini usinunue kwa picha. Nenda uishike, usome tarehe ya mtungi, kama haijapita uijaze mbele ya mwenyewe, uiache mpaka kesho, ndipo uitazame geji. Muuzaji akikutajia kasoro, mshukuru; asiyeona kasoro katika chombo cha zamani ama hakijui ama anakudanganya. Ijaze polepole, usivuke alama. Usiiweke tupu kabisa, mipira huregea. Ifute chumvi ya bahari hii yetu kila utokapo uwanjani. Usifungue chombo kilichoshiba hewa. Na akija mtu mwema, tena hasa akiwa mwema, akakwambia kuna njia ya mkato, muulize swali la Mzee Kombo: hewa gani?

Kama mipira imechakaa, njoo nayo, tutaibadilisha pamoja. Mtungi ukiwa umepita muda, tutangoja pamoja vilevile. Kungoja hakujamnyima mtu riziki yake.

Mola akupe jicho tulivu na mkono usiotetemeka. Akuweke mbali na mali ya haraka, akujaalie wazee wa kukukataza na moyo wa kuwasikia. Upige shabaha zako zote, na kila jioni urudi kwenu mzima, mama yako akupokee mlangoni akicheka. Amin.