Pikapu Iliyofukuzwa Sokoni Ogwedhi

Mwaka ule nilifukuzwa soko la Ogwedhi mara mbili, na mara zote mbili kosa lilikuwa la pikapu niliyoiendesha kupeleka samaki wakavu. Ndivyo nilivyowaambia watu. Barabara ya kuingia sokoni ilikuwa na mteremko, na kila nilipoondoa mguu kwenye mafuta, ekzosi, lile bomba la moshi, ilipiga kama bunduki. Mara ya kwanza ng'ombe walikata kamba wakatawanyika hadi kwenye mtama wa watu. Mara ya pili fahali aliruka akavunja vyungu vya mama mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza ameviteremsha kichwani. Wazee wa ng'ombe waliniambia nikija tena, bunduki niiache nyumbani na samaki niwabebe mgongoni.

Migori waliniita mwindaji. Nikisimama tu, mtu anauliza leo nimeua nini. Nilikuwa najibu kwamba nimeua swala wawili lakini nyama imeisha njiani. Nilicheka nao, lakini jambo lenyewe halikunichekesha. Tajiri wangu, mwenye duka na mwenye gari, alikuwa amesema kwamba nikifukuzwa mara ya tatu, ufunguo utakwenda kwa shemeji yake.

Ufunguo ule ndio uliokuwa unatulisha. Baba alitangulia, mama akamfuata mwaka uliofuata, nami nilikuwa darasa la sita na wadogo watatu nyuma yangu. Niliacha shule, nikaosha magari ya watu mpaka nikajua kuyaendesha. Mwaka huo wa bunduki, dada anayenifuata alikuwa amebakiza muhula mmoja afanye mtihani. Nilikuwa nimejiapia kwamba yeye hataacha shule kama mimi.

Mafundi watatu wa Migori waliisikiliza ile pikapu. Wa kwanza alisikia mlio mmoja tu, akasema plagi. Tukaweka plagi mpya. Wa pili alisema cheche inachelewa, akasogeza hiki na kile. Wa tatu alifungua kabureta, akaiosha kwa petroli hadi ikang'aa. Kila mmoja aliniaga kwa furaha, na kila mara mteremko wa kwanza ulinijibu.

Mama aliyekuwa akiniuzia samaki wakavu Homa Bay ndiye aliyenielekeza kwa fundi mmoja karibu na gati, Mkuria, aliyetengeneza magari na injini za mashua. Akaongeza kwamba fundi huyo hasikii. Nilimwuliza tangu lini gari lenye kelele likapelekwa kwa kiziwi.

"Na hao wanaosikia wamekusaidia nini, omera, ndugu yangu?" akasema, akaendelea kufunga samaki.

Nilifika kwake Ijumaa, saa tisa alasiri. Soko lilikuwa limebakiza siku tatu. Kila mtu pale alijua kwamba yeye ni Msabato, na jua likigusa ziwa ataweka vyombo chini, hata kama ni gari la mkubwa gani. Masikio yake aliyaacha mgodini, kwenye baruti. Alisoma midomo. Mimi ni Mjaluo na yeye Mkuria, kwa hiyo tulisema Kiswahili, naye aliniomba nisikiharakishe.

Hakufungua boneti. Aliketi juu ya kreti akaanza kuniuliza. Inapiga ikipanda au ikiteremka? Mguu ukiwa kwenye mafuta au ukiwa umetoka? Imeamka sasa hivi au imekwisha kupata moto? Nilijibu kila swali. Sikuwahi kuulizwa hayo na wale watatu, kwa sababu wao walisikia mlio na mlio ukawatosha. Huyu hakuwa na mlio. Alikuwa na maneno yangu tu.

"Ilianza siku gani?"

"Sikumbuki, fundi. Ilianza tu."

Aliutazama mdomo wangu kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akainuka.

Akaniambia niwashe. Akatoa unyoya wa kuku mfukoni mwa shati, akaupitisha polepole pale kabureta inapokalia injini, kila kiungo, kila mpira. Aliniambia kama kuna pumzi ya wizi inayoingia, unyoya utavutwa. Haukuvutwa. Akarudia tena kutoka mwanzo. Nilitazama jua. Nilijua anatafuta upande mmoja wa injini, nami nilikuwa na siri upande wa pili, na kila dakika aliyoitumia kwa uangalifu ule ilikuwa dakika niliyomwibia.

Nikamgusa bega ageuke anione.

Nilimwambia kwamba miezi miwili nyuma, njia ya Kegonga, niligonga jiwe. Bomba la ekzosi lilichomoka pale juu, kwenye injini. Nililirudisha kwa mikono, nikakaza nati nilivyoweza, nikaziba mwanya kwa udongo wa kichuguu, kama mama alivyokuwa akiziba nyufa za ghala. Sikumwambia tajiri. Sikumwambia mtu. Bunduki ilianza wiki hiyohiyo.

Nilingoja anigombeze. Alifuta mikono.

"Umeniambia kosa lako, ndugu dereva," akasema. "Sasa tuone kama ndilo ugonjwa wa gari."

Maneno hayo sijayaacha hadi leo. Mtu mwingine angechukua spana palepale. Yeye alizima injini, akangoja ipoe, akapaka povu la sabuni ya kufulia kuzunguka kile kiungo, kisha akaniambia niwashe na niiache ingurume taratibu. Povu lilitoa viputo vikubwa mahali pawili. Mahali pa tatu lilinyonywa ndani, likatoka, likanyonywa tena. Akaweka unyoya hapo, nao ukacheza huku na huku. Akanishika kiganja akakiweka karibu ili nami nihisi.

Alinieleza kwamba ukiondoa mguu, petroli kidogo hupita bila kuungua na kwenda zake nje. Ikikuta bomba halina hewa, inatoka kimya. Ikikuta hewa iliyoingia kwa ufa, inawaka humo humo kwenye bomba. Udongo wangu ulikuwa umekauka na kupasuka siku ya kwanza tu, na gasketi ya kuzibia kiungo chini yake ilikuwa imesagika. Plagi zilikuwa nzima tangu mwanzo. Hata zile za zamani.

Jua lilikuwa limeshuka sana. Alilifungua bomba, akachukua kipande cha karatasi ngumu ya gasketi, akakiweka juu ya mdomo wa bomba, akakigonga kingo kwa nyundo ndogo mpaka umbo likajikata lenyewe. Kisha akanipa, pamoja na spana mbili, jua likiwa bado juu ya maji.

"Kaza nati hii kidogo, kisha ile ya mbele yake kidogo. Usimalize moja ukiacha nyingine. Spana zirudi Jumapili."

Akafunga sanduku akaenda kuoga.

Siku ya Jumamosi, nyimbo za Wasabato zikisikika kutoka kanisani kwao, nilikwangua udongo wangu wote na kukaza nati kama alivyosema, kidogo hapa, kidogo pale. Jumapili, baada ya misa, nilimrudishia spana. Aliingia kwenye gari, akavua viatu, akaweka nyayo sakafuni. Nikaenda kwenye mteremko wa kushukia ziwani, nikaondoa mguu.

Chini kabisa alinigeukia.

"Imepiga?"

"Haijapiga, fundi."

Alitikisa kichwa kukubali, akaanza kuvaa viatu. Nyayo zake zingeweza kumwambia, najua. Lakini aliniuliza mimi, niliyemdanganya siku mbili nyuma, na jibu langu likamtosha.

Jioni ile nilikwenda dukani Migori nikamweleza tajiri habari ya jiwe la Kegonga, kabla sijapakia. Alitoka nje akaizunguka pikapu. Akauliza kama gari limepona. Nikasema limepona. Akasema basi kesho tutajua.

Kesho yake niliingia Ogwedhi. Wazee wa ng'ombe waliiona pikapu kutoka mbali, wakashika kamba zao fupi, mmoja akanyanyua fimbo. Niliondoa mguu kwenye mafuta juu kabisa ya mteremko, pasipo haja, nikateremka mpaka chini. Fahali wa karibu aligeuza kichwa, akanitazama, akaendelea kucheua.

"Mwindaji," akaniita mwenye fimbo, "bunduki umeiuza?"

Nikamwambia imebaki Homa Bay. Ufunguo ulibaki kwangu, na dada yangu akafanya mtihani wake.