Kamba Aliyoifungua Masanja

Nilimcheka kaka yangu Masanja mpaka akafungua kamba. Hilo ndilo kosa langu, nalitaja kabla sijajifanya mzee.

Maana, mwanangu, mimi niko kidato cha tatu, ndevu sina, na kwenye orodha ya wapiga kelele darasani sikosi. Lakini wewe unayetaka kwenda kubeba mabati likizo hii, kaa hapa kidogo.

Tulikuwa tunaezeka nyumba hapa Bariadi. Masanja ndiye fundi, mimi nampandishia misumari. Asubuhi hiyo Mama alimpa kamba ya ng'ombe wa kulimia, ajifunge kiunoni, ncha nyingine aifunge kwenye kenchi ya paa. Akatii. Mimi kumwona kule juu na kamba yake, nikashindwa kunyamaza.

"Kaka, mwenzako yuko wapi? Tuwafunge nira mkalime pamba Kasoli."

Vibarua wakacheka. Mama muuza chai naye akacheka. Masanja akatabasamu kwa shida, akaifungua kamba, akanirushia.

"Shika. Kafungie mdomo wako."

Haukupita muda akakanyaga bati ambalo halijapigwa misumari. Likateleza, akaja nalo, akaangukia tofali. Nilidhani ananilipizia utani. Nikamwambia, "Amka bwana, tumeshacheka."

"Dogo," akasema taratibu, "miguu yangu siisikii."

Tukamkunja, tukamkalisha kwenye pikipiki katikati ya watu wawili mpaka hospitali. Daktari akasema uti wa mgongo umeumia, na huenda ule ubebaji wetu umeongeza madhara.

Mwanangu, ukipanda juu, jifunge. Wakikucheka, waache, utashuka uwacheke na wewe. Ukiwa chini, utani wako uumeze mpaka wenzako washuke. Na mtu akianguka msimwinue ovyo. Alale alivyo mpaka gari lipatikane, abebwe kwenye ubao akiwa amenyooka. Nayasema mimi ambaye sikufanya hata moja. Mungu awashushe nyote kwa miguu yenu.

Masanja sasa yuko nyumbani, kitandani. Lazima ageuzwe mara kwa mara asitoke vidonda. Siku ya kwanza aliporudi nilimfuata Mama jikoni, nikamweleza habari yote ya kamba, na ule utani. Nikasogeza shavu, nangoja kofi. Aliendelea kukoroga uji uliokwisha kuiva.

"Nawa mikono, baba," akasema, "uje tumgeuze kaka yako."