Miezi Minne Niliyofunga Mfereji

Ndunge wa Kyule alikuwa jirani yangu hapa Matiliku miaka thelathini na nane, na katika miaka hiyo yote sikumsikia hata siku moja akiomba kitu kwa mtu. Chumvi ikimwishia, alipika bila chumvi. Watu walisema anajivuna. Hata mimi nilisema, na mimi ndiye niliyepaswa kunyamaza, maana marehemu mume wangu alikuwa akiniita jiwe la kusagia kwa ugumu wangu.

Kazi yake ilikuwa miche ya michungwa. Aliokota pakiti za maziwa sokoni, akaziosha, akajaza udongo na mbolea, akapanda mbegu za limau kali. Shina likifika unene wa penseli analipasua kwa wembe, anachomeka kijiti cha mchungwa mtamu, anafunga na utepe wa nailoni. Mikono yake ilikuwa na magamba kama ya mchimba mawe, lakini ikishika wembe utadhani ni daktari. Mvua ya Novemba ikikaribia, wakulima walitoka mbali kuja kununua kwake. Machungwa mengi ya huku kwetu yamepita mikononi mwa Ndunge kabla hayajawa miti.

Lakini mche unataka maji kila jioni, na maji ndiyo yanayonisumbua mimi.

Mradi wa maji ulipofika kwetu, bomba kubwa lilipita kando ya barabara, mbali na boma langu. Njia fupi ya kuyaleta kwangu ilipita katikati ya shamba la Ndunge. Angekataa, hakuna mtu angemlaumu. Angetaka alipwe, ningelipa. Badala yake, siku ya mwethya, ile kazi yetu ya wanawake ya leo kwako kesho kwangu, yeye ndiye alifika wa kwanza na sururu begani. Alichimba mtaro kutoka shambani mwake mpaka karibu na mlango wangu, mahali pa mawe akapachukua yeye.

Mutindi, mwenyekiti wa kikundi chetu, akamuuliza, "Ndunge, na mfereji wako utauweka wapi?"

Ndunge akacheka. "Mifereji miwili ya nini, sisi ni ng'ombe? Mimi na Kanyiva tutakunywa hapa."

Kanyiva ni mimi. Niliitikia mbele ya wanawake wote, tena kwa sauti. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Kwetu, neno lililosemwa watu wakiwa na udongo miguuni halihitaji karatasi.

Tulikunywa hivyo miaka tisa. Bili ilikuja kwa jina langu. Kila mwisho wa mwezi Ndunge alileta kibakuli cha pojo, au kuku, au boga, akaweka mlangoni. "Hiyo ni ya mfereji." Hakuongeza neno.

Mwaka juzi, mwezi wa sita, dada yangu Nzisa akateleza jikoni kwake huko Tulia, akavunjika nyonga. Hana binti. Nikasema nitaenda kumwangalia mpaka atembee. Mwanangu Mwangangi, ambaye ndiye hulipa bili zangu kutoka Nairobi, akanipigia simu.

"Mama, utakaa huko kwa muda gani?"

"Kwani mfupa una kalenda? Nitakaa mpaka upone."

"Basi tupunguze bili. Nyumba haitakuwa na mtu na inakula kama iko na harusi." Akanihesabia. Friji niichomoe, niache mlango wazi isinuke. Stima nizime pale kwa swichi kubwa. Televisheni hatalipia. Mtu wa maziwa aambiwe asilete. "Na maji, fundi afunge mita. Ikiwa wazi tunalipa mia tatu kila mwezi hata kama hakuna mtu amechota."

"Na Ndunge?"

"Si umuulize? Akiyataka tutaacha wazi, mia tatu si kitu. Wewe zungumza naye tu, Mama."

Naandika hivyo ili mtu asimlaumu Mwangangi. Alisema vizuri. Kazi ya kuzungumza aliniachia mimi.

Sasa niseme ukweli. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimewasikia wanawake wawili sokoni wakisema, "Twende tukachote maji ya kwa Ndunge." Ya kwa Ndunge! Mita iko kwangu, jina ni langu, bili ni ya mwanangu. Jambo dogo hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikajiambia moyoni: wacha aje aombe. Mara moja tu. Aseme, "Kanyiva, niachie maji," na mimi nitamwachia hata mwaka mzima.

Nzuki, fundi wa mradi, akaja na spana asubuhi. Ndunge alikuwa katikati ya miche yake, hatua kama ishirini kutoka pale. Alituona vizuri.

Nzuki, ambaye huniita susu, yaani nyanya, akakuna kichwa. "Susu, na huyu jirani?"

"Huyo ana mdomo," nikasema, na sikupunguza sauti.

Nzuki akafunga, akazungusha waya, akabana kwa muhuri wa risasi. Ndunge aliweka chini mkebe wake wa kunyunyizia. Nilingoja. Akapangusa mikono kwa leso, akasema, "Safari njema, Kanyiva. Nzisa umpe pole yangu." Kisha akaingia nyumbani mwake.

Nikaenda Tulia na hasira yangu, kwa sababu hakuomba.

Kumwangalia mgonjwa wa nyonga ni kazi ya kuinua na kugeuza, lakini saa za kufikiri zilikuwa nyingi. Mwezi wa saba, asubuhi moja, Ndunge alipiga simu. Akauliza hali ya Nzisa, akauliza yangu, akaniambia kanisani wamepata mchungaji mgeni anayehubiri mpaka chakula kinaharibika. Tukacheka. Nilisikia punda wake akilia, na Ndunge akipumua kama mtu aliyepanda mlima.

"Kuna neno lingine?" nikamuuliza.

"Hapana. Nilitaka kukusikia tu."

Mimi nilijua. Mtu asidanganywe kwamba sikujua. Mwezi wa saba huku kwetu hakuna tone, na punda halii saa hiyo nyumbani ila kama ametoka mtoni. Ningempigia Nzuki simu moja, angekata waya kabla ya chakula cha mchana. Nzisa akaniuliza kutoka kitandani, "Mbona hujamwambia afungue?" Nikamjibu, "Hajaomba." Dada yangu akageuza uso ukutani.

Nilirudi mwezi wa kumi. Nilipofika kwa uzio niliona pakiti za maziwa zimepangwa mistari, kila moja na kijiti chake kikavu, na utepe wa nailoni bado umefungwa vizuri. Zilikuwa kama mia sita. Mlango wa Ndunge ulikuwa na kufuli.

Mutindi alikuja kunisalimu, lakini hakuketi.

"Alikuwa akienda mtoni na punda, asubuhi na jioni," akaniambia. "Anachimba mchangani, anangoja maji yatoke kidogo kidogo, anajaza mitungi minne. Mwezi wa nane hata mchanga ulikataa. Miche ikaanza kufa, na yeye akazidi kwenda. Siku moja mgongo ukakataa kunyooka. Kijana wake Gedion alikuja na gari akampeleka kwake Kambu."

"Na nyinyi mlikuwa wapi? Si mngenipigia simu!"

"Tulitaka. Alitukataza. Alisema, 'Kanyiva ana nambari yangu.'"

Nilikaa siku kumi na moja kabla ya kwenda Kambu. Hata hapo kiburi kilikuwa kinanivuta shuka. Gedion ana duka kando ya barabara kuu, malori yanapita mpaka vikombe vinatetemeka. Ndunge alikuwa ameketi ndani akichambua maharagwe, ameinama upande mmoja. Karibu naye kulikuwa na mitungi ya maji ya kununua, imeandikwa bei.

"Karibu, Mama Mwangangi," akasema.

Miaka thelathini na nane hakuwahi kuniita hivyo. Aliniita Kanyiva, hata mbele ya wakwe. Akanitengenezea chai, akatia sukari ninavyopenda. Tukaongea juu ya nyonga ya Nzisa mpaka ikaisha.

Nikasema, "Nzuki amefungua."

"Vizuri. Nyumba bila maji si nyumba."

"Ndunge, nilikosea."

Sijui kama niliwahi kusema neno hilo kwa mtu. Lilitoka kwa shida, na lori likapita nikadhani hakusikia. Alikuwa amesikia.

"Nilikusamehe kitambo," akasema. "Siwezi kukaa na kitu kama hicho kisha niende meza ya Bwana. Hilo liondoe moyoni."

"Basi urudi. Tutaanza miche pamoja, mimi nitakunyunyizia."

Akacheka kidogo, cheko lake lile la mtaroni. "Wewe? Utaizamisha." Kisha akarudi kwa maharagwe. "Sirudi. Shamba nimekodisha kwa Mathenge, mtu wa Murang'a, miaka mitano. Mimi nilikuwa na kiu mlangoni pako, Mama Mwangangi. Nikirudi, kila nikifungua mfereji nitakuwa nakuangalia usoni kwanza. Siwezi kuishi hivyo."

Nilikunywa chai yote, kwa sababu kuiacha kungekuwa tusi.

Mwangangi alipopiga hesabu, kwa maji tuliokoa elfu moja na mia mbili. Alinipongeza kwa simu. Nikamwambia asinipongeze tena.

Mke wa Mathenge, Wariara, ni mwanamke mzuri, mwenye adabu. Siku ya kwanza alikuja na mitungi miwili, akasimama nje ya uzio akabisha hodi, akaniita nyanya kwa lugha yao.

"Shosho, mtungi mnauza pesa ngapi?"

"Hatuuzi. Chota tu."

"Hapana, Shosho, sitaki deni na jirani. Niambie bei."

Nilimwambia mara tatu achote. Alichota, akashukuru, na aliponigeuzia mgongo nikaona ameacha shilingi ishirini juu ya jiwe. Huwa anaziacha kila jioni. Sijazigusa, na yeye hajakoma.